Mwosha Maiti wa Kadutu

Bukavu, Kadutu, 12 Aprili 1978

Mdogo wangu Kalume,

Kabla hujaanza kuuliza nani ni mgonjwa na nani amekasirika: sisi wote ni wazima, na aliyekasirika ni Mama. Paa linavuja pale pale, juu ya kitanda changu, na mvua ya mwaka huu haina adabu. Wanangu wanakusalimu. Mama anakusalimu mara mbili, na salamu ya pili ni ya mkeo Domitille peke yake. Serikali iliyokataza majina ya Kizungu imwite Wabiwa ipendavyo, Mama anasema mkwewe alimpokea na jina la Domitille na hana nafasi kichwani ya jina jingine. Anaomba akija alete mawese ya kwao Mwenga. Wewe hukuagizwa kitu. Ukifika na mkeo inatosha.

Pumu ya Mama humbana asubuhi, ukungu unapopanda kutoka ziwani. Baadaye huachia, naye anaanza kutugombeza, na hapo tunajua amepona.

Sasa neno lenyewe. Tangu kipindupindu kilipoingia huko kwenu Uvira, askari wamefunga barabara kwa bariyeri pale Kamanyola, na hakuna kamio ya mizigo inayopanda wala kushuka bila karatasi ya wakubwa. Barua hii inakuja na Gérard, dereva wa dawa, ambaye wanamwacha apite. Ndagala zangu, samaki wadogo wa ziwa lenu, ziko kwenu, wateja wangu wako huku, nami nimekaa katikati na vikapu vitupu. Soko nalo limefungwa. Wanawake tuliokuwa tunauza pamoja sasa tunatazamana tu mlangoni.

Lakini amri iliyoingia ndani ya nyumba yetu ni ile ya tatu: hakuna matanga, na hakuna kuosha maiti. Anayekufa huchukuliwa na watu wenye mabuti, hunyunyiziwa dawa na kushushwa kaburini na nguo zake. Nani atamweleza Mama hivyo? Tangu sisi tuko watoto hakuna mwanamke wa msikiti wetu aliyezikwa bila mikono yake. Juzi alinisimamisha jikoni.

"Feza, banasema mutu akikufa asioshwe?"

"Ndiyo, Mama. Ni amri."

"Amri ya nani? Huyo mutu ye hatakufa? Mwosha huoshwa. Mimi nimeosha, na mimi nitaoshwa. Mukivunja ile, munabakiza nini?"

Wewe ni muuguzi, ulisoma mambo haya. Wanawake wa soko wamenichagua nikaseme kwa niaba yao kwenye mkutano wa zone yetu ya Kadutu, tuwaombe wakubwa walegeze. Nipe maneno ya kusema. Nipe hasa neno la kumwambia Mama.

Dada yako,
Feza


Uvira, 3 Mei 1978

Yaya Feza,

Shikamoo, na nyingine umfikishie Mama kabla hujasoma zaidi. Barua yako imekaa sana njiani. Gérard anasema walimzuia Kamanyola mpaka gari lote likanyunyiziwa dawa, ndiyo maana wino umetawanyika na nusu ya salamu zako nimezisoma kwa kubahatisha. Nafurahi kusikia mko wazima. Huku joto ni lile lile. Mimi ni mzima.

Umeniomba maneno ya kusema mkutanoni. Yaya, dada yangu, sitakupa, kwa sababu mimi ninaomba kinyume chake. Sisi wauguzi wa Uvira tumeandika tamko kwamba barabara isifunguliwe na masoko yasifunguliwe, na jina langu limo. Linaweza kusomwa redioni huko Bukavu. Nimeona ni heri ulisikie kwangu kwanza.

Nimeyaona nisiyotaka kukuandikia. Mtu anaamka mzima, anakwenda ziwani kuchota maji, na jua likifika utosini humtambui tena, ngozi imemkauka, macho yameingia ndani. Mwenye nguvu tunaweza kumrudisha tukimpata mapema. Mzee mwenye kifua kibovu ni vigumu sana. Unaposikia redioni watu wakibishana juu ya "wanyonge", ujue kwangu mimi neno hilo lina sura moja tu, sura ya Mama.

Basi sikia. Maiti wa ugonjwa huu ana maji, na maji hayo ndiyo sumu. Naijua desturi yetu kama unavyoijua: waoshaji wakimaliza hawaachwi kuondoka na mdomo mkavu. Wenye msiba huwatengea sinia yao, ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, wakala pamoja kwa mikono ile ile. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Nimeona nyumba ya waoshaji watano hapa, nami sitakuambia wamebaki wangapi.

Mama asiguse maiti. Asiende matangani hata kwa jirani. Mpe chumba cha nyuma, sahani yake, kikombe chake, maji yaliyochemshwa. Hata akinuna, mwache anune. Kununa hakuui.

Mdogo wako,
Kalume


Bukavu, 28 Mei 1978

Kalume,

Salamu za nyumbani unazo, zote, hata za paa. Mama anakohoa kidogo. Mtoto wangu wa mwisho ameng'oka jino na analitembeza mtaa mzima.

Jina lako tumelisikia. Nilikuwa kwa jirani, redio ikasema "citoyen Kalume Amuri, infirmier", ndiyo muuguzi, na kila mwanamke aliyekuwa pale akageuka kunitazama. Kesho yake ilikuwa siku ya mkutano. Fikiria nilivyoingia katika ukumbi ule, dada ya mtu aliyeomba tufungiwe, nikitaka kusema tufunguliwe. Kuna aliyenong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba kwetu tumegawana kazi, mmoja wa kufunga na mmoja wa kufungua. Nilitamani nikurushie ndoo.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Barthélemy, yule mfanyabiashara wa vitambaa mwenye nyumba kule Ibanda.

"Mufungue barabara!" akasema. "Tuko nalipa kodi ya patente, na mali yetu, marchandise yetu, iko naoza kule chini!"

Daktari mmoja kijana akamjibu, "Na bazee, papa? Na benye pumu? Nani atabachunga?"

Hapo akainuka Delphine, jirani yetu anayeuza unga wa muhogo, hata hakuomba ruhusa. "Dokta, weye uko na mushahara. Kolera inaua mutu mu nyumba. Njala inaua nyumba muzima."

Watu wakapiga makofi hadi askari wa mlangoni wakashtuka. Ndipo nikasema na mimi. Nilisema soko lifunguliwe, lakini kila mlango uwe na pipa la maji ya dawa, na wazee wabaki nyumbani hadi hali itulie. Sikusema lolote juu ya kwamba matanga yamekatazwa lakini Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tunabanana wote na majembe yetu. Kuna mambo ukumbi wenye askari haustahimili.

Wamekubali. Soko litafunguliwa mwezi ujao. Barabara bado, na kuosha maiti bado. Kwa hiyo mimi na wewe kila mmoja amepata nusu, na hakuna aliyefurahi.

Kuhusu Mama nilifuata agizo lako. Nilimpeleka chumba cha nyuma, nikamnunulia sahani ya bati yenye maua na kikombe chake. Nilidhani maua yatasaidia. Aliitazama sahani, akanitazama mimi, akauliza, "Niko na ukoma?" Kalume, umesahau kwetu nani hutengewa sahani? Maisha yake yote Mama amekula kwenye sinia pamoja na watu. Sasa anagusa tonge mbili, anasema ameshiba. Umesema kununa hakuui. Njoo umtazame mikono.

Na jambo jingine. Mama aliniomba nimsomee barua yako mara mbili, kisha akauliza, "Domitille iko wapi humu ndani?" Nikatafuta. Hukumtaja. Unajua Mama anavyowaza. Tafadhali andika mstari mmoja juu ya mkeo.

Feza


Uvira, 20 Juni 1978

Yaya Feza,

Shikamoo yako na ya Mama. Mtoto aliyeng'oka jino mwambie alitupe juu ya paa, labda litaziba pale panapovuja.

Nisamehe kwa aibu ya ukumbini. Sikuwaza kwamba jina langu litakutangulia. Lakini siwezi kulifuta, maana bado naamini nilichoandika. Tangu niliposikia soko lenu limefunguliwa silali vizuri. Nawaona watu wote wa Kadutu wakishikana mikono na kupeana noti zilizolowa jasho.

Juu ya sahani nilikosea, nakubali. Nilifikiri kama muuguzi. Keti naye, kula naye, ila wote mnawe kwa maji ya dawa mbele yake, na yeye anawe wa kwanza, ili aone ni desturi ya nyumba nzima na si yake peke yake. Usimwache ale peke yake. Ni kitu kibaya kula peke yako. Jana bugali yangu iliungua na hakukuwa na mtu wa kunicheka.

Lakini jambo la maiti silegezi. Yaya, nakuapisha kwa kaburi la Baba. Mtu akifa mtaani kwenu, funga mlango, kaa mbele yake, Mama asitoke. Hata kama wanasema ni malaria au ni uzee. Hasa wakisema ni uzee.

Wote wa huku wanawasalimu.

Kalume


Bukavu, 9 Julai 1978, Jumapili

Kalume,

Tusalimiane upesi. Wanangu ni wazima, mimi ni mzima. Barua yako nilimsomea Mama, na pale kwenye bugali iliyoungua akanikatiza. "Bugali yake? Mwanaume mwenye muke anapika bugali mwenyewe?" Nikamwambia labda Domitille amekwenda kwao Mwenga. Akasema, "Na bariyeri alipita namna gani?"

Sasa nisikilize. Bibi Tatu amefariki Ijumaa. Ni yule rafiki wa Mama walioolewa mwaka mmoja, aliyekuwa akitupa vitumbua kila Idi. Watu wake wanasema ni uzee. Hawakuwaita watu wa mabuti. Walifunga mlango wa mbele, wakamtuma mtu kugonga dirisha la nyuma la Mama, mimi nikiwa sokoni. Nilikuwa katika soko lile lile nililolipigania.

Nilimkuta njiani akirudi, kikwembe alichojifunga kimelowa hadi magotini, ananukia kafuri. Aliponiona akacheka. Tangu siku ya sahani sikuwa nimeliona cheko lile.

"Mama, ulitoka wapi?"

"Unajua nilitoka wapi. Tatu alikuwa mwepesi, Feza. Mwepesi kama mutoto."

"Na ulikula kule?"

"Ndiyo nilikula! Sinia ya baoshaji. Delphine naye alikula, si ndiye alituletea maji? Tulikula sisi yote. Leo nilikuwa mutu."

Nilimnawisha kwa maji ya dawa mpaka ngozi ikawa nyeupe, naye akaniacha tu, akitabasamu, kama mtu aliyerudi harusini. Jana alikuwa mzima kabisa. Nikaanza kukutukana kimoyomoyo kwamba unatutisha bure.

Leo asubuhi tumbo limeanza. Nampa maji yenye chumvi na sukari kama ulivyowahi kunifundisha, yanatoka yote, juu na chini. Pumu nayo imeamka. Mahema ya wagonjwa yako kule Kasha, juu ya Bagira. Nilipoyataja tu alinishika mkono.

"Usinipeleke mu mahema. Kule ukikufa hauoshwe. Nimeosha banamuke yote ya Kadutu, mimi mwenyewe nizikwe muchafu? Apa, Feza."

Nikaapa. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nikaapa.

Gérard anashuka Uvira mchana huu na anangoja niandike. Niambie nifanye nini. Najua jibu litafika mambo yameshakwisha. Niambie hata hivyo, maana sina mtu mwingine wa kumwuliza.

Feza


Uvira, 13 Julai 1978

Yaya,

Sijui kama ninamwandikia mtu mwenye mama au la, kwa hiyo shikamoo yake naiandika hapa na namwomba Mungu Mama awe hai aipokee.

Mpeleke. Kama bado hujampeleka, acha kusoma, mpeleke sasa, mbebe hata mgongoni. Huko wana serumu ya kumtia mshipani. Nyumbani huna. Kiapo nibebeshe mimi. Akilaani, alaani mimi.

Gérard ananiambia nisimcheleweshe, lakini nimeshachelewa miezi, na leo naandika.

Domitille amekufa. Alikufa mwezi wa nne, kabla barua yako ya kwanza haijafika. Nilipoifungua nikazikuta humo salamu zake, na mawese aliyoagizwa. Aliugua nikiwa kambini kwa wagonjwa wengine. Walinijia mbio, nikamkuta bado anaweza kusema, akaniambia niondoe sufuria motoni. Nikambeba hadi kambini, nikamtia serumu mwenyewe. Haikutosha.

Amri ya kutoosha maiti katika kambi yetu niliiandika mimi, Yaya, na niliitetea mbele ya masheikh na mbele ya mapadri. Ilipofika zamu ya mke wangu, watu wote wa kambi walinitazama nitafanya nini. Ningeivunja kwake, kesho yake nani angenisikiliza? Nikasimama mbali, pale ninapowaambia wengine wasimame. Walimnyunyizia, wakamfunga, wakamshusha na gauni lake la nyumbani. Mama alimfundisha kufunga kikwembe, na hakuzikwa na hata kimoja.

Kwao Mwenga niliwaarifu kupitia mapadri. Nyinyi sikuwaambia kwa sababu namjua Mama. Angesikia Domitille amezikwa bila kuoshwa, asingengoja karatasi ya mtu. Angeshuka milima ya Ngomo kwa miguu, na pumu yake, mpaka huku penye ugonjwa wenyewe. Nilinyamaza ili abaki Bukavu salama. Na sasa ugonjwa umemfuata huko huko.

Siwezi kumzika wa pili kwa namna ile. Mpeleke, Yaya.

Kalume


Bukavu, 30 Julai 1978

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Mama yu hai. Naanza na hilo, salamu zitafuata nyuma.

Sikungoja jibu lako. Gérard hajafika hata Nyangezi nilikuwa nimeshavunja kiapo. Mama alikuwa amefumba macho na hanijibu tena, nami nikaona ni afadhali anichukie kuliko asiwepo. Watu wa mtaa walikataa kushika kitanda, nami siwalaumu sana. Unajua nani alitupa gari? Mzee Barthélemy! Alikuwa amekuja kuniuliza habari za barabara, akaona hali, akafungua mlango wa nyuma akasema, "Muingize maman, siti tutaosha." Tangu siku ile nimeacha kumsema.

Kule Kasha walimtia serumu. Alikaa kule mpaka hata wauguzi wakawa wanamwita Maman. Delphine aliletwa siku iliyofuata, akalazwa karibu naye. Delphine hakurudi, Kalume. Mama alimwona akibebwa kama alivyokuwa, bila maji, bila kafuri. Ameacha watoto, na mkubwa wao ndiye anayeuza unga sasa. Usiniulize kama kufungua soko kulikuwa kosa. Wanangu wamekula kwa sababu ya soko lile. Mama alibaki bila mlinzi kwa sababu ya soko lile. Nayaweka yote mawili kichwani na hayataki kukaa pamoja.

Mama aliporudi nyumbani hakusema nami. Alipokea chakula, alipokea dawa, lakini neno hakunipa, kwa sababu ya kiapo. Barua yako ilikuwa imefika, nami nilikuwa naificha chini ya godoro nikiogopa kwamba itammaliza. Mwishowe nikachoka kuficha. Katika familia hii tumefichana vya kutosha. Nikakaa chini nikamsomea yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Tangu mwezi wa ine?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa namutumia salamu." Akajifunika uso na kikwembe. Nililia mimi, yeye hakulia. Baadaye akajifunua. "Hakuna mutu alikaa naye chini ku matanga? Hata moja?"

"Yeye hasemi, Mama."

"Mwanaume anafiwa, hakuna mukeka, hakuna mama, hakuna mutu wa kumwambia kula. Anakula bugali ya kuungua peke yake. Feza, nifungie vitu vyangu."

Nilimwambia hana nguvu hata ya kufika barabarani. Nikamwambia na huko Domitille ameshazikwa, hakuna wa kuosha.

"Siendi kuosha. Nimeona Delphine, nimesikia. Niko naenda kukaa chini na mutoto yangu."

Tangu siku hiyo vitu vyake vimefungwa, viko karibu na mlango, naye anakula. Anakula sawasawa, Kalume, mpaka anaomba nyongeza, anasema anatafuta nguvu za safari. Na mimi amenirudishia sauti yake. Jana alinigombeza juu ya chumvi, nikaenda nyuma ya nyumba kumshukuru Mungu.

Sasa ombi. Komisari wa serikali ametangaza kwamba barabara itafunguliwa wauguzi wa Uvira wakitia sahihi wote kwamba ugonjwa umetulia. Gérard amekwishakubali kumchukua Mama mbele, karibu na dirisha. Najua msimamo wako. Nimeusikia redioni kama watu wengine. Lakini mara hii siombi kwa ajili ya ndagala wala kwa ajili ya wanawake wa soko. Tia sahihi, mdogo wangu. Mama aje akuondolee matanga.

Dada yako,
Feza


Uvira, 16 Agosti 1978

Yaya Feza,

Shikamoo. Shikamoo Mama. Wasalimie wanao, na watoto wa Delphine pia, waambie nimeisikia habari ya mama yao.

Barua yako niliisoma nimesimama uani, na niliposoma kwamba Mama yu hai nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mgonjwa mmoja akamwita mwenzangu akidhani nimeanguka. Nililia mbele yao wote. Mwezi wa nne sikuwa nimelia.

Karatasi ya Komisari ililetwa jana. Tuliitwa chumba kimoja, ikawekwa mezani, wenzangu wakatia sahihi mmoja mmoja. Nimewaelewa. Wana njaa, wana ndugu wa upande wa pili, wamechoka kutukanwa njiani. Kalamu ikafika kwangu. Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nilitaka kutia sahihi, Yaya. Niliinamia karatasi kabisa, nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu.

Lakini asubuhi ile ile tulikuwa tumepokea wagonjwa wapya, watu wa mtaa wa wavuvi, nyumba mbili jirani. Mmoja ni bibi wa umri wa Mama, mwenye kifua kama cha Mama. Yeye yuko kwenye kitanda alichofia Domitille, maana hatuna vingine. Ningeandika vipi kwamba ugonjwa umetulia? Mama ametoka juzi kwenye serumu. Angeshuka huku dhaifu, angekaa nami mkekani, angekunywa maji yetu. Nikaweka kalamu chini. Sahihi moja ikikosekana, karatasi hairudi Bukavu. Bariyeri imebaki. Leo mtaani hakuna aliyenisalimu, na mwanamke mmoja alitema mate nilipopita. Huko kwenu najua utabeba lawama yangu tena, naomba unisamehe.

Usimfiche Mama. Mwambie ni mimi niliyekataa, si Komisari na si askari. Mwambie nimetandika mkeka, na jioni nikitoka kazini nakaa juu yake, na upande wa pili hakuna mtu. Mwambie sijanyoa tangu msiba. Mwambie namtaka, Yaya. Nina mvi, naongoza kambi ya wagonjwa, na ninamtaka mama yangu aje aniambie nile. Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika, usipunguze.

Kisha fungua mzigo wake, rudisha vitu vyake ndani, umwambie asije.

Mdogo wako,
Kalume